Maji Yasiyofika Mia

Mwezi uliopita mjukuu wangu Cherotich alipewa zawadi ya hesabu shuleni kwao, na mimi nyanya yake nikaalikwa. Nilivaa vizuri sana, na yeyote anayesema nilipitisha kiasi ana wivu. Baada ya hotuba alinishika mkono akanipeleka kuona maktaba yao. Alipofungua mlango harufu ikanipiga usoni: waksi nyekundu ya sakafu, gundi, na karatasi iliyokaa miaka bila kuguswa. Miguu yangu ilikataa kuingia.

"Kogo, unalia?" akaniuliza. Sisi Wakipsigis nyanya tunamwita kogo.

"Silii. Nimekasirika."

"Na nani?"

Nikamwambia anionyeshe choo kiko wapi. Jibu lilikuwa refu, na watu walikuwa wanangoja kupiga picha. Basi naliandika hapa, kwa nyinyi wa rika langu mliokwenda shule miguu tupu, na wembe wa kuchongea penseli umefungwa kwa karatasi mfukoni. Mkiona mahali sikuandika vizuri, mnisamehe. Mwisho wa kusoma kwangu ndio huu nataka kuwaeleza.

Tulikuwa tunakaa kwa laini za kampuni moja ya chai, huku juu upande wa Kericho. Nyumba ishirini zimepangwa mstari mmoja, zote nyeupe, zote na mlango wa kijani kibichi, mpaka mgeni akija anabisha nyumba tatu kabla ya kufika kwenu. Baba alikuwa akipakia kuni kiwandani. Mama alikuwa msafishaji kule maabara, mahali ambapo watu wa makoti meupe walipima udongo na majani. Wanawake wengine wote wa laini walichuma majani mvua ikiwanyeshea, na Mama yangu alifanya kazi chini ya bati. Aliilinda kazi hiyo kama vile mtu analinda yai mkononi. Kila akinipeleka huko alinionya njiani: "Chepto, ukiulizwa kitu na watu wa ofisi, jibu lako ni ndiyo ama hapana. Hadithi uache nyumbani." Chepto ni msichana. Mpaka anakufa aliniita hivyo, hata nikiwa na wajukuu.

Kabla sijafika kwa maabara lazima niwaambie habari ya maharagwe. Shangazi yangu aliolewa Soin, kule chini kwenye joto, na kila alipopanda kututembelea alikuja na mdomo wake.

"Bot Kiprono," angemwambia Mama, maana ndugu yangu mkubwa ni Kiprono, "hayo maharagwe ni ya leo, ama ni ya Krismasi? Mimi kwangu saa hizi tungekuwa tumekula tumelala."

"Ni kuni," Mama angejibu. "Hizi za kampuni ni za mkaratusi, hazina moyo."

"Kuni! Useme mikono yako ni mizito."

Wakati mmoja Shangazi alibeba mzigo wa kuni za Soin akaupandisha mpaka kwetu ili amwaibishe Mama. Wakawasha, wakateleka, wakakaa. Jua likageuka. Maharagwe yakabaki magumu kama changarawe. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Shangazi alisema kuni zimepata baridi njiani. Hakuna mtu kati yetu aliyejiuliza juu ya maji. Maji ni maji.

Sasa njooni shuleni. Nilikuwa darasa la saba, mwaka wa mtihani. Mwalimu wetu wa sayansi tulimwita Mwalimu Suti, kwa sababu alikuwa nayo moja na hatukuwahi kumwona bila hiyo. Siku hiyo alileta jiko la mafuta taa, sufuria, na themomita iliyokuwa imefungwa kwa pamba kama mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Hiyo ilikuwa themomita ya shule nzima. Ubaoni alikuwa tayari ameandika: Maji huchemka kwa digrii 100. Akachemsha maji mpaka yakarukaruka, akaitia themomita, akatuita mmoja mmoja tuje tuseme uzi wa zebaki umesimama wapi.

"Mia, mwalimu."

"Vizuri. Mwingine."

"Mia, mwalimu."

Kila mtu aliinama, akaangalia mvuke, akaangalia ubao, akasema mia. Nikafika mimi. Nilifuta mvuke kwa kidole nikahesabu mistari. Nikahesabu tena.

"Tisini na tatu, mwalimu. Na kidogo."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia."

"Angalia tena!"

"Imesimama tisini na tatu, mwalimu. Haipandi."

"Kwa hivyo maji ya kwenu ndiyo yanachemka tisini na tatu?"

"Si ya kwetu, mwalimu. Ni ya hapa shule."

Darasa likapasuka kwa kicheko. Naapa sikuwa nafanya mzaha. Maji yalikuwa ya shule, mimi mwenyewe ndiye niliyeyachota. Lakini mwalimu aliona nimemchezea mbele ya watoto hamsini. Nilipata viboko vinne, viwili kila mkono, na halafu akasema neno ambalo viboko ni afadhali. Mwisho wa mwezi, Ijumaa, majina ya watakaofanya mtihani yangepelekwa kwa ofisi ya elimu. Mtoto mwenye kiburi jina lake halingekuwemo.

"Una njia mbili," akasema. "Usimame kwa paredi useme maji yanachemka kwa mia na umenikosea. Ama uniletee kitabu kinachosema tisini na tatu. Kitabu! Sio maneno yako."

Wenzangu walinishauri njiani. "Si useme tu mia? Mia inakuuma wapi?" Ilikuwa inaniuma. Siwezi kueleza vizuri hata leo. Niliona kwa macho yangu, halafu niambiwe macho yangu ni kiburi. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo sikumwambia mtu, la kitoto kabisa. Ndani yangu niliamini mwalimu ana haki kuhusu maji mazuri, ya mahali pengine. Nilidhani ni maji yetu yenye upungufu. Niliona yanajitahidi, yanaruka, yanatoa povu, na bado hayafiki. Kama sisi wa laini. Nilitaka kitabu kitakachosema kwamba hayakuwa makosa yao.

Mama alikuwa amesema siku nyingi kwamba kule maabara kuna chumba cha vitabu, na vingine havina hadithi hata moja, ni namba tupu kutoka ganda mpaka ganda. Nilipomwambia kilichotokea shuleni, akasema, "Jumamosi utakuja kunisaidia kupiga waksi. Ukimaliza, utaomba kukaa. Sio kuzungumza. Kukaa."

Chumba hicho kilikuwa na dirisha moja kubwa linaloangalia chai, meza ndefu, na mwanamume mmoja aliyeitwa Bwana Mwangi. Alitoka upande wa Murang'a, na mke wake alikuwa na duka la vitambaa mjini. Alikuwa mfupi, mwenye sweta ya kijivu iliyofungwa vifungo vyote hata jua likiwaka. Mama alimwogopa kuliko meneja. Yule bwana aliweza kujua kitabu kimesogezwa upana wa kidole.

"Huyu kasichana anataka nini?" Bwana Mwangi alimwuliza Mama, mimi nikiwa nimesimama pale pale.

"Kutazama vitabu, Bwana Mwangi. Ni wa shule."

"Mikono."

Nikanyoosha. Ilikuwa myekundu kwa waksi mpaka kwenye viwiko. Akanituma bombani mara mbili. Niliporudi alinionyesha rafu iliyo nyuma ya kiti chake, vitabu vinene vyenye alama nyekundu mgongoni.

"Hivi vyenye alama nyekundu havitoki. Havikunjwi. Havitiwi kidole chenye mate. Na hivi si vitabu vya kusoma, ni vya kutazama. Unaingia na swali moja, unapata jibu moja, unafunga. Umeelewa?"

"Ndiyo."

"Una swali gani?"

Nilikumbuka onyo la Mama. Ndiyo ama hapana. Lakini hilo halikuwa swali la ndiyo ama hapana, kwa hivyo nilinyamaza. Aliniangalia kidogo, akainua mabega, akarudi kwa karatasi zake.

Nani amewahi kufungua kitabu cha namba akiwa mtoto, na Kiingereza chake ni cha "this is a pen"? Nilifungua nikaona kama siafu. Safu, safu, safu, kurasa mia, hakuna hata picha ya kupumzisha jicho. Jambo la kwanza nilitafuta Kericho. Nilidhani kitakuwa kama rejista ya darasa: Kericho, maji yake, tisini na tatu. Hakukuwa na Kericho. Hakukuwa hata na Kenya. Kulikuwa na majina ya chuma, risasi, chumvi, pombe, na vitu ambavyo mpaka leo sijui kama vinaliwa ama vinaua. Mwishowe nikaona neno la maji, ambalo nililijua. Nikafuata mstari kwa kidole mpaka kwa safu ya kuchemka. Mia mbili na kumi na mbili.

Niliruka kama nimeumwa na nyuki. Mia mbili na kumi na mbili! Niliangalia jalada, nikaona kitabu kilichapishwa Uingereza, na hapo nikaelewa, ama nilidhani nimeelewa. Hayo yalikuwa maji ya Wazungu. Kumbe kwao yanapanda mpaka huko! Mwalimu na mia yake yuko katikati, na sisi tuko chini kabisa. Nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa kama niliyepata habari ya msiba. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba kitabu hicho kilikuwa cha zamani na kilitumia kipimo kingine cha joto, ambacho mia mbili na kumi na mbili yake ni ile ile mia ya mwalimu. Bwana Mwangi alikaa hatua tatu kutoka kwangu. Nami sikufungua mdomo.

Jumamosi ya pili nilishika kitabu kingine. Hiki kilikuwa na ukurasa mzima wa maji peke yake, na nilifurahi mpaka nilipoona jambo ambalo lilitaka kunitia wazimu. Maji yalikuwa na namba nyingi! Sio moja. Themanini na kitu, themanini na tisa, tisini na moja, mpaka mia, na juu zaidi. Kitabu kinasema yanachemka kila mahali! Nilitaka kukipiga ngumi. Sasa nimpelekee mwalimu nini? Upande wa kushoto kulikuwa na safu nyingine, juu yake neno moja refu la Kiingereza. Nikainuka nikatafuta kamusi kwenye rafu ya chini. Kamusi ikanipa neno lingine ambalo pia sikulijua. Nikatafuta hilo. Nilizunguka hivyo, kamusi, kitabu, kamusi, mpaka nikapata kwamba ni uzito wa hewa, jinsi hewa inavyokandamiza kitu. Hewa ina uzito? Nilitazama dirishani nikaona majani ya chai yamesimama wima, hayajakandamizwa na kitu.

Jicho langu lilikuwa linaruka mistari, nikawa naanza upya kila mara. Nilipouma meno kwa hasira, rula ya mbao ilitua mezani mbele yangu. Bwana Mwangi alikuwa amesimama nyuma.

"Weka chini ya mstari," akasema. "Usishushe mpaka umalize."

Akaenda zake. Ndiyo maneno yote aliyoniambia siku hiyo. Nami nilidhani ananichungulia ili aone kama nimechafua karatasi.

Jumamosi ya tatu, nikiwa napiga waksi mlangoni, nilisoma kibao cha chuma kilichokuwa getini kando ya mtungi wa kupimia mvua. Nilikuwa nimekipita tangu nizaliwe. Kilisema: futi elfu sita na mia tano juu ya bahari. Sijui kwa nini siku hiyo kiliniingia. Pengine ni kwa sababu kichwa changu kilikuwa kimejaa namba, kila namba niliyoiona niliuliza inataka nini. Nilikimbia ndani, nikapata mwisho wa kile kitabu ukurasa wa futi: ukipanda futi hizi, hewa inabaki na uzito huu. Nikaweka rula chini ya elfu sita na mia tano. Mia tano tisini na nane. Nikarudi kwa ukurasa wa maji, nikaweka rula kati ya mia tano tisini na mia sita.

Tisini na tatu. Na kidogo.

Jamani! Sikuwa na macho mabaya, wala maji yetu hayakuwa na upungufu. Ni kwa sababu tuko juu, hewa ni nyepesi, maji yanachemka mapema kabla hayajawa moto sawasawa. Nikateremsha rula mpaka futi elfu nne, ambako nilikisia ndiko Soin iliko, nikapata tisini na sita. Nikakumbuka maharagwe ya Mama, na kuni za mkaratusi zilizotukanwa bure miaka yote hiyo, nikacheka peke yangu kama kichaa. Bwana Mwangi aliinua kichwa. Furaha ilikuwa imenitoa akili, nikasahau onyo, nikamwendea.

"Naomba kuazima hiki."

"Alama nyekundu," akasema.

"Siku moja tu."

"Nilikwambia siku ya kwanza. Kitabu hakitoki."

Basi hapo nikamchukia. Nilimchukia na sweta yake. Ningesema ni kwa nini nakitaka, lakini nilikuwa na kiburi, mwalimu hakukosea hapo, na Mama alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha waksi akinikazia macho. Nikarudi mezani, nikanakili mistari yote miwili kwenye daftari langu, kwa wino, kwa mwandiko ambao sijawahi kuandika mzuri kama huo tena.

Jumatatu nikampelekea Mwalimu Suti. Alisoma hata hakukaa.

"Huu ni mwandiko wa nani?"

"Wangu, mwalimu."

"Hata mimi naweza kuandika kwamba ng'ombe ana miguu sita. Nilikwambia kitabu."

"Kitabu hakitoki, mwalimu."

"Basi Ijumaa ya wiki ijayo na wewe hutoki. Utabaki hapa hapa ulipo."

Watoto wakacheka, maana alikuwa hodari wa kuwachekesha. Nilikaa. Sikulia. Nilikuwa nahesabu: Jumamosi moja tu imebaki.

Najua mmeshajua nilichofanya. Wembe wangu wa penseli ulikuwa mfukoni. Jumamosi ya nne, Bwana Mwangi aliitwa ofisi ya mbele kupokea kifurushi. Mama alikuwa amepiga magoti kwenye veranda, namsikia akisugua na kuimba wimbo wa kanisa. Nilifungua ukurasa wa maji. Nilijua namba yake bila kutafuta. Niliweka rula kwenye mshono, ile ile rula aliyonipa, nikapitisha wembe mara moja. Haikutoa sauti. Niliukunja mara mbili nikauweka ndani ya nguo, na karatasi ilikuwa baridi tumboni mpaka tunafika nyumbani.

Msiniulize kama niliona aibu. Siku ile sikuona. Nilijiona nimeshinda. Mtoto akinyimwa haki yake mara tatu, ya nne anaichukua, na hata hatambui kwamba ameshika na kitu cha mtu mwingine.

Jumatatu sikungoja niitwe. Nilikwenda mbele nikaufungua ukurasa mezani kwa mwalimu, nikanyooshea kidole mstari wangu. Nikamweleza habari ya futi na uzito wa hewa, yote, kwa pumzi moja. Na mwalimu alielewa! Hilo ndilo linanila mpaka leo. Nilimwona akielewa. Aliangalia ukurasa, akaangalia nje mlangoni, kule milima iliko, na midomo yake ikasogea kama mtu anayepiga hesabu. Kwa muda mfupi hakuwa mwalimu, alikuwa mtu aliyeambiwa jambo jipya. Halafu akaona muhuri wa maabara kwenye pembe, na ukingo uliokatwa kwa wembe. Nikaona anapata pa kujishikilia.

"Umeiba," akasema.

"Mwalimu, lakini tisini na tatu..."

"Nimesema umeiba! Darasa, huyu ni nani?"

"Mwizi!" wakaitikia wote, hamsini, kwa sauti moja, kama wanavyoitikia salamu.

Habari ya tisini na tatu haikuzungumzwa tena. Si siku hiyo, si siku yoyote. Mwalimu mkuu aliniuliza swali moja tu, kama ukurasa ulikatwa na mimi, nikasema ndiyo. Jina langu lilifutwa kwa mstari mmoja wa kalamu, na nikarudishiwa ukurasa niurudishe nilikoutoa. Maji kwenye kitabu cha wenzangu yalibaki mia. Na ubaoni, mwaka wote, mia. Ningekuwa nimekosea hesabu ningenyamaza, ningesema ni akili yangu. Lakini unapokuwa na haki na kosa siku moja, mikono yote miwili imejaa, unashindwa utetee mkono gani.

Nyumbani Baba hakunipiga. Alisema, "Basi," akaendelea kunoa shoka lake. Habari ya kurudia mwaka haikuwepo kwetu. Nyuma yangu kulikuwa na watatu wanaongoja daftari. Mama ndiye aliyekuwa katika hali mbaya. Hakula siku mbili. Hakuwa akiniwazia mimi, alikuwa akiwazia paa la bati la maabara na mvua ya kwenye majani. Ijumaa ile majina yalikwenda. Jumamosi asubuhi akanishika mkono, akatembea mbele yangu njia yote, akanisimamisha mbele ya Bwana Mwangi.

"Mpe," akasema Mama.

Nikampa. Alifungua karatasi polepole, akaiweka kwenye meza akailaza kwa kiganja. Alikuwa amejua tangu Jumatatu. Alikuwa ametazama kila kitabu, kama kawaida yake, na hakuwa amemwambia mtu. Alifungua mtoto wa meza, akatoa kopo la gundi, brashi, na ukanda mwembamba wa karatasi laini. Akaanza kuurudisha ukurasa mahali pake, pua yake karibu iguse mshono.

"Umekata vizuri," akasema bila kuinua macho. "Wengine wanararua. Ulikuwa unautaka wa nini?"

Safari hii nilisema. Sikujali Mama. Nilimwambia themomita, viboko, paredi, njia mbili, mwandiko wangu, neno mwizi. Alikuwa amemaliza kupaka gundi kabla sijamaliza, akabaki ameshika brashi hewani.

"Jumamosi ile uliniambia unataka kuazima."

"Ndiyo."

"Hukuniambia ni mwalimu anakitaka. Hukuniambia ni habari ya mtihani."

"Hukuniuliza."

Mama alinifinya mgongoni mpaka nikasimama kwa vidole. Bwana Mwangi hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyekanyaga mahali akidhani kuna ngazi.

"Siku ya kwanza nilikuuliza," akasema. "Nilisema, una swali gani. Ukanyamaza." Akaiweka brashi chini. "Kasichana, kitabu hakitoki. Mimi natoka. Nina baiskeli hapo nje. Wale wa kiwandani wakihitaji namba ninakifunga kwa gazeti, ninakipeleka, wanakitazama nikiwa nimekishika, ninarudi nacho. Shule yenu si hapo ng'ambo ya mto tu? Ningefika, ningerudi, na chai yangu haijapoa."

"Bado inawezekana?" Mama aliuliza. Sijawahi kumsikia akiongea na mtu wa ofisi kwa sauti ile. "Bwana Mwangi, hata sasa hivi. Mimi nitabaki hapa nilinde."

"Majina yanakwenda lini?"

"Yamekwenda jana," nikasema.

Alitazama dirishani, kule baiskeli yake iliegemea. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumpiga mwalimu, na Mama na ndiyo-na-hapana yake, na mimi mwenyewe zaidi, mimi niliyekaa Jumamosi nne hatua tatu kutoka kwa yule mtu. Yeye alikifunga kitabu taratibu, akakiwekea tofali mbili juu ili gundi ishike, akazipanga zikae sawa.

"Kisiguswe mpaka Jumatatu," akamwambia Mama.

Jumatatu nilikuwa Roret, kwa mjomba, kwenye chai, na kikapu mgongoni kilichonifika kwenye magoti.